Vyakula vya sikukuu vinavyopikwa kabla ya siku: vitumbula, mikate ya muchele na kashata kwetu Lusangi

Wenzangu katika kijitabu hiki wameandika juu ya mahari, ngoma na majina ya koo. Mimi nimechagua mambo ya jikoni, na ninajua kuna wazee watakaotikisa kichwa: mwalimu mzima wa historia, anaandika juu ya mikate? Naomba wanivumilie. Swali lililonifanya nishike kalamu halikutoka jikoni, lilitoka darasani.

Ilikuwa katika somo la biashara ya watumwa, mwaka wa tano sekondari. Nilikuwa nimeandika ubaoni njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, halafu Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Idi ilikuwa imepita juma moja tu. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono, akasema: «Mwalimu, wale watu walituuza. Sasa juu ya nini kila Idi na kila bonane tunapika chakula chao?» Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu juma linalofuata, na ukweli ni kwamba nilichukua muda mrefu zaidi.

Chakula alichokisema kila mmoja wetu anakijua. Ni vitumbula vya muchele, vile vya duara vinavyokaangwa katika chungu chenye matundu. Ni mukate wa muchele, unaomiminwa katika sufuria na kuokwa kwa makala chini na makala juu ya kifuniko. Ni kashata za karanga, na mikate ya ndizi zilizoiva sana inayokandwa na unga wa muhogo. Pamoja na hivyo vitamu kuna vile vya chumvi vinavyotayarishwa mapema: samaki wa Lualaba aliyekaushwa kwa moshi, na sombe inayopikwa jana yake. Sombe iliyolala, mtu wa huku hahitaji kufundishwa utamu wake. Ile ya siku ileile bado inanuka majani.

Mgeni akifika hapa siku ya sikukuu asubuhi hushangaa kukuta jiko limepoa na sinia zimejaa. Pilau tu ndiyo inapikwa siku yenyewe, na nyama kama ipo. Vingine vyote vimekwisha tangu jana, au juzi. Watu husema ni kwa sababu wamama wanataka kupumzika na kuvaa. Ni kweli nusu. Siku ya sikukuu nyumba inapokea watu toka alfajiri mpaka usiku, na mwenye nyumba naye ana jamaa wa kwenda kuwaamkia. Huwezi kupokea wageni huku umeinama juu ya kikaango. Lakini sababu kubwa iko mbinguni, kwenye mwezi.

Idi ndogo haina tarehe katika kalenda ya ukutani. Mwezi wa Ramadhani ni wa siku 29 au 30, na hakuna anayejua ni ngapi mpaka jua lizame siku ya 29 na watu wasimame nje wakitazama upande wa magharibi. Mwezi ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, kesho ni kufunga tena. Basi mama wa nyumba atafanya nini? Akingoja habari ndipo aanze, atakesha na hatamaliza. Akipika kila kitu na mwezi usionekane, chakula kinakaa siku nzima ya kufunga mbele ya watoto. Kwa hiyo vyakula vyetu vya Idi vyote vimechaguliwa kwa jambo moja: vinaweza kungoja. Kashata inakaa majuma. Mukate wa muchele unakaa siku tatu bila kuharibika kama umeokwa vizuri na umefunikwa kwa kitambaa kikavu. Na vitumbula vina ujanja wao, ambao nilifundishwa na mama mkubwa wangu, dada wa mama, ambaye alinilea.

Jioni ya siku ya 28 alikuwa analowesha muchele makopo manne, na anaacha ulale. Siku ya 29 anauchuja, tunautwanga bado una umajimaji, tunachekecha, tunatwanga tena chenga zilizobaki. Robo ya unga ule anaipika uji mzito, anauacha upoe mpaka uweze kuingiza kidole bila kuungua. Halafu anauchanganya na unga mbichi uliobaki, anapiga kwa mkono muda mrefu, huku akitazama kama mapovu yanatoka. Mtu asiyepika uji huo kwanza, vitumbula vyake vinavunjika kama udongo mkavu. Kisha chachu, ambayo nitaieleza chini, maana ina historia yake. Mwezi ukionekana, tunakaanga usiku uleule. Usipoonekana, binti mmoja mwenye pupa anaweza kusema unga utaharibika. Mama mkubwa alikuwa anajibu: «Acha ulale. Mwezi ikichelewa, vitumbula vinapata utamu.» Na ni kweli: unga uliolala siku mbili unapata uchachu kidogo unaopendeza pamoja na sukari. Vitumbula vya mwezi uliochelewa ndivyo vilivyokuwa vinasifiwa mtaani.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Je, ni chakula chao?

Muchele, kweli, ulikuja na wale watu. Wazee wetu walikuwa na muhogo, mahindi, ndizi, ulezi na karanga, lakini mashamba makubwa ya mpunga upande wa Kasongo na Nyangwe ni kazi ya wakati wa Waarabu na Waungwana, kuanzia miaka ya 1860 na 1870. Tippu Tip alijikalisha Kasongo karibu na mwaka 1875. Mji wake haukuwa hapa penye mji wa leo. Ulikuwa pale tunapopaita Tongoni, na jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Jeshi la Leopold chini ya Dhanis lilipouteka tarehe 22 Aprili 1893, alikuwemo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye alichapisha kitabu mwaka 1897. Hinde anahesabu alichokikuta: ghala zilizojaa muchele, kahawa na mahindi, bustani za michungwa, mipera, mikomamanga, maembe, mananasi na ndizi, na ndani ya nyumba mishumaa, viberiti, bilauri na sukari. Sukari, mwaka 1893, katikati ya bara, miezi ya kutembea kwa miguu toka pwani! Daktari yule alishangaa sana. Lakini katika hesabu yake yote hasemi ni nani aliyetwanga ule muchele.

Tippu Tip naye alisimulia maisha yake kwa kinywa chake akiwa mzee huko Unguja, na maneno yake yakachapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu ambacho kila mwalimu wa Maniema angepaswa kukisoma. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, vita vinahesabiwa, machifu wanatajwa kwa majina. Jiko halimo. Watu mia kadhaa wanakula kila siku katika kitabu kile na hakuna anayepika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu. Wenye nyumba wa Tongoni na wa Kabambare walikuja na bunduki na kanzu; wanawake waliokuja nao toka pwani walikuwa wachache. Waliopika katika nyumba zile walikuwa kwa wingi wanawake wa huku: Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wasongola, Wagenya, na wengine waliotolewa mbali zaidi. Baadhi walioana kwa mahari. Wengi waliletwa kwa kamba. Mnamo tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki ndani ya soko lililojaa wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wakiwa wamezama mtoni. Mwanamke aliyeponea siku ile, na kesho yake akachukuliwa kutwanga mpunga katika ua wa mtu, huyo ndiye mwandishi wa mapishi yetu. Walimwita mngwana baadaye, yeye na watoto wake. Neno lile maana yake ni mtu huru. Historia ina maneno yake ya kucheka bila kufurahisha.

Yule mwanamke alielezwa namna ya kupika vitumbula kama wanavyopika pwani. Pwani, vitumbula na mikate ya kumimina vinataka vitu viwili ambavyo kwetu havikuwepo: tui la nazi, na tembo la mnazi la kuumulia. Mnazi si mti wa huku. Nazi ya pwani haiwezi kubebwa kichwani mpaka Kabambare ili ikamuliwe katika unga wa sikukuu. Waliobeba mizigo ile walibeba shanga, nguo, baruti na waya wa shaba. Basi amri ilikuwepo, muchele ulikuwepo, lakini nazi hapana.

Tazama sasa alichofanya. Alichukua karanga za mama yake, akazikaanga kidogo tu ili ganda litoke, akazitwanga, akazikamua kwa maji ya vuguvugu kupitia kitambaa, na akapata tui jeupe. Hilo ndilo tui tunalotia mpaka leo katika vitumbula na katika mukate wa muchele, na mtu wa Dar es Salaam akiuonja mukate wetu atasema mara moja kwamba una kitu kingine. Na mahali pa tembo la mnazi alitia malafu, pombe ya mchikichi iliyogemwa asubuhi, bado tamu, ambayo inaumua unga kwa saa chache. Na mahali pa samli alikaangia mawese yaliyochemshwa mpaka wekundu ukapungua. Kilichobaki cha pwani ni muchele, jina, umbo la kile chungu, na iliki pale ilipopatikana. Mkono wote ni wa huku.

Habari ya malafu imeleta ugomvi katika nyumba zetu, wala sitaificha. Wamama wa zamani hawakuona tatizo, maana hata pwani watu walikuwa wakiumulia mikate yao kwa tembo. Baadaye vijana waliosoma dini walisema kileo ni kileo hata kikiingia motoni. Nyumba nyingine zikaacha malafu, zikaanza kuuacha unga ulale mpaka uchachuke wenyewe, au kununua hamira dukani. Mama mkubwa alihamia upande wa kulaza unga, bila kusema neno, na vitumbula vyake havikupungua utamu. Mimi si shehe, sitaamua. Nasema tu kwamba mtu akiona mapishi ya mama yake yamebadilika, ajue kwamba yalikuwa yamebadilika pia kabla hajazaliwa.

Muchele wenyewe ulibadilisha bwana. Amri ya mwaka 1917 ya serikali ya Wabelgiji ililazimisha watu kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka, na huku Maniema ilikuwa pamba na mpunga. Wazee waliukumbuka ule mpunga kuwa mpunga wa fimbo. Mtu aliulima, akaupeleka kwa mizani ya mfanyabiashara, akarudi na fedha za kodi tu. Kwa hiyo muchele wa sikukuu, ule uliofichwa nyumbani kwa ajili ya Idi au Noeli, ulikuwa umeibwa kidogo kwa Bula Matari. Nadhani ndiyo sababu katika familia nyingi muchele wa sikukuu unawekwa pembeni toka siku ya mavuno, katika mtungi wake, na mtoto haruhusiwi kuugusa. Hiyo nayo ni kutayarisha kabla ya siku, na inaanza miezi kabla.

Nimetaja Noeli. Kijana wangu alisema «kila Idi na kila bonane», na alisema sawa. Kwetu vitumbula havina dini. Misheni zilipofika, Wakristo hawakuleta vitamu vyao. Mandazi ya unga wa ngano yalikuja, ndiyo, lakini unga wa ngano ulitoka mbali na bei yake ilikuwa ya watu wa mshahara. Mama Mkristo aliyezaliwa katika ua uleule, na pengine ni dada wa yule Mwislamu, alipika alichokijua. Ndiyo maana tarehe 24 Desemba jioni utasikia vinu vilevile. Na desturi ikawa hivi: siku ya Idi sinia zinatoka kwa Waislamu kwenda kwa Wakristo, siku ya Noeli na bonane zinarudi. Sinia hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unatia ndizi mbili.

Sasa kuna jambo ambalo nililigundua nikipiga hesabu na wanafunzi wangu, na limenifurahisha kuliko mengine yote. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa ukutani kwa siku 10 au 11. Idi ndogo inarudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka 32 au 33 imezunguka duara nzima. Kwa hiyo kila mtu anayeishi umri wa kutosha anaiona Idi na Noeli zikikutana mara mbili hivi, pengine tatu.

Nikarudi nyuma na hesabu. Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kuanzia Julai 1870 mpaka Februari 1871, akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea, kati ya wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wameweka kambi pale. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Novemba. Hesabu ya kalenda inaiweka Idi tarehe 25 Desemba 1870, au siku moja kando yake. Mskoti mmoja mgonjwa na Noeli yake, Waarabu na Idi yao, katika kijiji kimoja cha Wabangubangu. Sijui kama kulikuwa na kitamu chochote. Lakini mkutano wa kwanza wa sikukuu zile mbili katika ardhi yetu ambao tunaweza kuuwekea tarehe ni huo.

Mara nyingine ilikuwa mwaka 1968, ambao ulikuwa na Idi ndogo mbili: moja siku za kwanza za Januari, pamoja na bonane, nyingine karibu na tarehe 21 Desemba, siku chache kabla ya Noeli. Mama mkubwa alikuwa bibi arusi mpya. Aliukumbuka mwaka huo kwa sukari. Reli ilikuwa inafanya kazi, sukari ilikuja toka kiwanda cha Kiliba karibu na Uvira, na mtu aliweza kununua kilo nzima bila kuuza kuku. Alisema mwaka ule walipika kashata mpaka mikono ikashikana.

Mara ya baadaye niliiona mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2000: Noeli siku ya Jumatatu, na Idi Jumatano tarehe 27 Desemba. Ilikuwa katikati ya vita vile vya 1998 mpaka 2003. Askari wa RCD walikuwa mijini, Mai-Mai walikuwa porini, na sisi tulikuwa kati yao. Kiwanda cha Kiliba kilikuwa kimesimama tangu 1996. Sukari iliyofika, ilifika kwa baiskeli iliyosukumwa majuma mazima, na ilipimwa kwa kijiko. Chumvi vilevile. Muchele ulikuwepo, kwa waliobahatika kuvuna kabla ya wengine hawajawavunia.

Shida haikuwa sukari peke yake. Kinu kina sauti. Usiku, sauti ya kinu inasikika mbali, na mtu mwenye bunduki na njaa akiisikia anajua kuna nyumba yenye chakula. Mama mkubwa aliamua tutwange mchana saa sita, wakati nyumba nyingi zinatwanga muhogo, ili kinu chetu kipotee kati ya vinu vingine. Hatukukaanga usiku wa mwezi juu ya moshi na harufu. Tulikamua miwa, tukachemsha maji yake mpaka yakawa mazito na meusi, na hayo ndiyo tuliyoyatia katika kashata na katika vitumbula. Rangi ilikuwa mbaya. Utamu ulikuwa wa namna yake, wenye uchungu kidogo mwishoni.

Kashata tulizifunga katika vitambaa, kitambaa kimoja kwa kila mtoto, na vikatundikwa karibu na mlango. Hazikuwa za wageni. Zilikuwa za kukimbia nazo. Mtoto akiambiwa «porini», anachukua kitambaa chake kwanza, ndipo anakimbia. Chakula ambacho miaka mingi kilikuwa kinapikwa mapema ili kingoje mwezi, sasa kilikuwa kinangoja bunduki. Niliposoma baadaye kwamba kashata ni chakula cha kunywea kahawa jioni, nilifunga kitabu kidogo.

Lakini sinia ilitembea. Jumatatu ile, jirani yetu Mkristo alileta sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba: mikate sita ya ndizi, isiyo na chembe ya sukari. Mama mkubwa alihesabu, akatugawia minne, akaweka miwili. Jumatano, usiku bado haujaisha, alinituma niirudishe sahani ileile ikiwa na vitumbula vyeusi vinane. Nilikuwa msichana mkubwa tayari na niliogopa kutembea hatua zile thelathini. Nikamwuliza kama haiwezekani kungoja siku zitulie. Alinijibu: «Mwanangu, sahani ya mtu haikai kwangu ikapita sikukuu.» Nikaenda.

Hayo yote nilimwambia kijana wa viti vya nyuma, si kwa siku moja. Nilimwambia sikubali kwamba ni chakula chao. Sikubali pia maneno ya wale wanaosema Waarabu walituletea ustaarabu, na ushahidi wao ni pilau na vitumbula. Kilicholetwa kilikuwa amri na gunia la mbegu. Aliyetafuta tui ndani ya karanga alikuwa mama wa mama wa mama yake, na hakuna aliyemwandika jina. Nikamwambia aende nyumbani akaulize namna wanavyolowesha muchele wao.

Alirudi na majibu ambayo hayakukubaliana na yangu, na hii ndiyo raha ya kazi ya ualimu. Kwao hawapiki uji kwanza. Wanatia wali uliolala, uliopondwa. Kwao kashata ina ufuta kidogo. Na nyumba yao haijawahi kutumia malafu, hata zamani: bibi wa nyumba alimwambia walikuwa wanatia maji ya ndizi iliyooza. Niliwapa darasa zima kazi ileile. Katika wanafunzi 41, waliorudi na habari kamili toka kwa mtu aliyepika mwenyewe walikuwa 17. Wengine waliniambia kwao wananunua biskuti za pakiti, juu ya kuokoa muda, au aliyejua amefariki. Sitawalaumu wamama wa leo. Mwenye kuuza sokoni mpaka saa kumi na moja jioni hana saa ya kupiga unga kwa mkono. Biskuti nayo inangoja mwezi. Lakini biskuti haiwezi kumwambia mtoto jambo lolote juu ya Tongoni.

Daftari lile la majibu 17 ninalo. Tumeandika vipimo kwa kopo, si kwa gramu, na kila kitu kimeandikwa kama kilivyosemwa, na jina la kijiji pembeni. Wenye nyumba wanaosoma kijitabu hiki na wanaojua namna nyingine, hasa wa upande wa Saramabila na Nyangwe, wanaweza kuleta yao.

Kwa hesabu yetu, Idi ndogo itaangukia bonane ya Januari 2033, na ileile tena itakuja Desemba mwaka huohuo, karibu na tarehe 23, siku mbili kabla ya Noeli. Mama mkubwa hayupo tena. Chungu chake cha vitumbula ninacho mimi. Kina matundu saba. Moja lilipata ufa tulipokuwa tunahama na mzigo kichwani, na mafuta yanavuja hapo, kwa hiyo tunakaangia katika sita.